Sakafu ya Mbao Imepinda, Imevimba au Imeota Madoa: Jinsi ya Kusaka Maji Yalikotoka

Fundi akiitwa kuona sakafu ya mbao iliyopinda, mara nyingi cha kwanza anachotaja ni bei ya kupiga msasa. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Ubao umepinda kwa sababu upande mmoja umekunywa maji kuliko mwingine, na umbo lake linaonyesha ni upande gani. Ukilisoma vizuri utajua kama unasaka bomba linalovuja, slabu iliyomwagwa bila nailoni, matundu ya hewa yaliyofukiwa na bustani ya maua, au ndoo ya deki. Ukitangulia na msasa, utalipa mara mbili.

Kwanza jua unakanyaga sakafu gani. Katika nyumba za zamani za Milimani, iwe ya Kisumu au ya Nakuru, utakuta vibao vifupi vya muhuhu au mvule vilivyobandikwa kwa lami juu ya zege. Nyumba zilizojengwa juu ya nguzo fupi, zikiwemo nyingi za wakati wa reli, zina mbao ndefu za ulimi na mtaro (ulimi wa ubao mmoja huingia kwenye mtaro wa mwenzake) zilizopigiliwa juu ya maboriti, na chini yake pana uwazi. Nyumba mpya za Kiamunyi, Mamboleo au Kakamega mjini huwa na mbao za mahogani au mkaratusi zilizogundishwa moja kwa moja kwenye saruji. Kama sakafu yako ni ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa na kufunikwa picha ya mbao, maelezo haya hayatakufaa sana: hiyo ikishavimba kingo hairudi, inang'olewa.

Pima kabla ya kubishana

Mbao hufuata hewa. Kwenye joto la takriban nyuzi 25, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huifikisha mbao kwenye asilimia 9 hivi ya maji; hewa ya asilimia 65 huifikisha kwenye 12; ya asilimia 80, kwenye 16. Ndiyo maana sakafu iliyotulia Kisumu, kando ya ziwa, inaweza kusoma 12 au 13 na isiwe na tatizo lolote, wakati namba hiyo hiyo Nakuru katikati ya Februari kavu ingestahili kukushtua. Kuvu wanaoozesha mbao hawapati nafasi chini ya asilimia 20. Juu ya hapo, na hasa ikikaribia 28, saa imeanza kuhesabu.

Kipimo chenye sindano mbili kinatosha. Kinapotoka kiwandani huwa kimewekewa mbao laini za ughaibuni, kwa hiyo kwa mbao nzito kama muhuhu namba yake si ya kuapia. Kitumie kwa kulinganisha: pima mahali palipoharibika, kisha pima chumba kizima kisicho na tatizo, uandike tofauti. Pima mwanzo na mwisho wa ubao, na sehemu kadhaa za chumba, kisha chora ramani kwenye karatasi. Ramani hiyo ndiyo itakayokupeleka kwenye chanzo.

Huna kipimo? Kata kipande kidogo cha ubao mahali skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, itakapoficha, kipime uzito kwenye mizani inayosoma gramu, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 105, ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 46 zikishuka hadi 40, mbao ilikuwa na asilimia 15.

Sasa itazame ramani. Unyevu ulioenea chumba kizima kwa usawa hutoka kwenye hewa au kwenye slabu. Ukifuata ukuta wa nje, angalia gata na udongo uliorundikwa nje. Duara lililokolea katikati na kufifia pembeni ni bomba, karibu kila mara. Ukanda mlangoni mwa bafu au jikoni ni deki na kizingiti. Alama ndogo chini ya dirisha ni mvua ya upepo, na hiyo haihitaji upelelezi zaidi ya kubadilisha mpira wa dirisha.

Kingo zimeinuka, katikati pamebonyea

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi. Weka rula ya chuma kukingama ubao: ikigusa kingo mbili na kuacha mwanga katikati, upande wa chini una maji kuliko wa juu. Maji yanapanda kutoka chini.

Kama bomba ndilo linaloshukiwa, anza na mita. Funga mifereji yote, soma mita, subiri saa mbili bila mtu kutumia choo, soma tena. Nyumba nyingi za huku zina tangi la juu, na hapo mita inaweza kukudanganya kwa muda, kwa sababu uvujaji ulio baada ya tangi hauonekani mpaka koki ya boya ifunguke. Funga maji yanayoingia kwenye tangi, weka alama ya utepe kwenye kimo cha maji jioni, uangalie asubuhi. Kimo kikishuka na hakuna aliyetumia maji, uvujaji uko ndani ya nyumba. Funga valvu ya maji ya moto peke yake kisha urudie, ujue ni laini ipi. Na usisahau bomba la maji machafu la sinki na la bafu: hilo halina presha, haliwezi kuonekana kwenye mita wala kwenye tangi. Zibia sinki, lijaze, achilia maji yote kwa mpigo, na mtu akae na tochi chini.

Kama mabomba ni mazima na sakafu iko juu ya zege, jaribu slabu. Ng'oa vibao vichache mahali pabaya zaidi, safisha, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45 kwa utepe pande zote nne, kiache kwa saa zisizopungua 16, bora usiku na mchana mzima. Matone chini ya nailoni au zege kugeuka jeusi ni ushahidi kwamba unyevu unapanda. Zikikosekana, usishangilie mapema, maana jaribio hili hukamata unyevu mwingi tu. Zege la ndani linaweza kuwa bado bichi. Zege jipya hukauka polepole: kadiria milimita 1 kwa siku kwa sentimita 5 za kwanza, kisha kasi inapungua. Slabu ya sentimita 10 iliyomwagwa Machi na kubandikwa mbao Mei, mvua ikinyesha na madirisha hayajatiwa vioo, ilihukumiwa tangu mwanzo.

Nailoni ya geji 1000 ilipaswa kuwa chini ya slabu. Kama haikuwekwa huwezi kuirudisha bila kuvunja. Unachoweza ni kung'oa mbao, kukwangua zege hadi liwe safi, na kupaka epoksi ya kuzuia unyevu mikono miwili, wa pili ukikingama wa kwanza, bila kuacha tundu hata dogo. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano, udongo unaoshika maji wiki nyingi baada ya mvua kukatika, usibandike mbao juu ya slabu isiyo na kinga, hata kama siku ya kupima ilionekana kavu.

Kwa nyumba yenye uwazi chini, toka nje uhesabu matundu ya hewa kwenye msingi. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 15 za mraba za uwazi kwa kila mita 1 ya ukuta, na matundu yawe kwenye kuta zinazotazamana ili hewa ipite. Ninayaona yamezibwa kwa njia tatu: fundi wa lipu aliyapitia na saruji, mwenye nyumba aliyaziba kuzuia panya, au mtunza bustani alipandisha udongo juu yake. Panya huzuiwa kwa wavu wa chuma wa matundu madogo. Udongo uteremshwe hadi uwe sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani, na ardhi iinamie nje: tone la sentimita 15 kwa mita 3 za kwanza linatosha kuondoa maji ya gata. Kisha tandaza nailoni juu ya udongo wa chini ya nyumba, vipande vipishane sentimita 30. Hiyo nailoni peke yake hufanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote utakachonunua.

Chanzo kikishazibwa, acha. Mbao zilizobonyea kidogo mara nyingi hurudi zenyewe baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache.

Katikati pameinuka, kingo zimeshuka

Hapa kuna sababu mbili, na ya pili ndiyo ya kawaida zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ni maji kutoka juu: deki ya ndoo nzima, zulia lenye mgongo wa mpira lililofungia maji chini yake, chungu cha maua kisicho na sahani. Ya pili ni msasa uliopigwa mapema. Mbao zilikuwa zimeinuka kingo kwa unyevu wa chini. Fundi akazikwangua kingo zikawa sawa. Miezi mitatu baadaye mbao zikakauka, kingo zikashuka chini ya katikati. Hakuna dawa ya hilo isipokuwa kukausha hadi mwisho na kupiga msasa tena, kama unene wa juu ya ulimi bado upo.

Sakafu imenyanyuka kama hema

Mbao zimekosa pa kwenda. Mbao ngumu nyingi hutanuka kwa upana takriban 2 hadi 3.5 kwa kila 1000 unyevu wake ukipanda kwa asilimia 1. Muhuhu hutulia zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoupa sifa. Chumba cha mita 4 kikipanda asilimia 3 kinatafuta milimita 24 au zaidi. Kama fundi aliachia mbao zikagusa ukuta, zitajipandisha juu.

Ondoa skatingi siku hiyo hiyo. Ukikuta mbao zimebana ukuta, kata ukanda wa milimita 15 kando ya kuta mbili zinazotazamana, msumeno ukiwa umewekwa kina cha unene wa ubao tu, baada ya kuhakikisha hakuna waya wala bomba. Usipande juu ya mwinuko kuushindilia, utavunja ndimi. Utashuka wenyewe kadiri unavyokauka, au utang'oa safu mbili za katikati kuupa nafasi.

Nyufa kati ya mbao

Nyufa za Januari zinazojifunga Aprili ni pumzi ya kawaida ya mbao, hasa Nakuru ambako kiangazi hukausha kweli. Usizizibe kwa kujazia kigumu. Mvua zikirudi mbao zitakisukuma nje au zitaumiza kingo zake. Nyufa zinazobaki mwaka mzima ni hadithi nyingine: mbao zilinunuliwa mbichi. Mbao iliyotoka msumenoni juzi inaweza kuwa na asilimia 30 ya maji au zaidi, na hakuna gundi inayoweza kuizuia isisinyae. Subiri ikauke kabisa, kisha ziba kwa vipande vyembamba vya mbao ile ile, gundi upande mmoja tu wa kipande ili ubao wa jirani uendelee kucheza.

Vibao vinalia utupu au vinacheza chini ya mguu

Gonga kwa mpini wa bisibisi, weka alama ya chaki kila panapolia tofauti. Gundi imeachia. Kama kazi ilifanywa kwa gundi nyeupe ya seremala, jibu ndilo hilo: hulainika ikipata maji, haikustahili kuwekwa juu ya zege. Lami ya zamani ni kinga nzuri ya unyevu, lakini ikizeeka hukauka na kuvunjika.

Vipe vibao namba kabla ya kuving'oa. Kwangua lami mgongoni mwake kwa patasi pana. Mfuko wa barafu ukiwekwa juu yake kwa dakika chache huifanya ivunjike badala ya kuvutika. Usiipige msasa wala kuisaga kwa mashine, kwani baadhi ya lami za miongo iliyopita zilichanganywa na nyuzi za asbesto. Rudishia kwa gundi ya poliurethani inayotandazwa kwa mwiko wenye meno, ukisoma kwanza kwenye kopo kama inakubali mabaki ya lami. Weka uzito juu kwa saa 24.

Madoa meusi, na wingu jeupe

Wingu jeupe liko ndani ya vanishi au nta, si ndani ya mbao. Liache likauke siku mbili tatu. Likibaki kwenye sakafu ya nta, sugua taratibu kwa pamba ya chuma laini kabisa na nta kidogo.

Doa jeusi lina wazazi wawili. Kuzunguka msumari, mguu wa meza ya chuma au kopo lililoshika kutu, ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili ya mbao, ndani ya maji. Hilo linatoka. Lifikie mbao tupu kwa msasa, changanya gramu 50 hadi 100 za asidi ya oksaliki kwa lita 1 ya maji ya moto, paka kwa brashi isiyo na chuma, acha ikauke, suuza, kisha pitisha maji yenye vijiko viwili vya magadi ya kuokea kwa lita. Vaa glavu na miwani. Unga wake mkavu usivute wala kuupiga msasa, na usiuache mtoto anapofika, ni sumu. Tone moja la majaribio litakuambia: lisipofifisha doa, basi ni kuvu, na kuvu aliyezama ndani huondoka na ubao.

Ubao laini, harufu ya pango, vumbi la udongo

Choma kwa bisibisi. Ikizama bila kubishana, ubao umeoza, na swali ni kama boriti la chini nalo limeoza. Fungua, angalia. Kata uozo na sentimita 30 zaidi ya pale macho yanapoishia. Boriti lililoguswa kiasi litiwe mwenzake wa mbao iliyotibiwa dawa ubavuni, lipite sehemu mbovu angalau sentimita 60 kila upande, na kufungwa kwa bolti, si misumari.

Vijia vya udongo kwenye nguzo au ukutani ni mchwa, na mchwa hufuata unyevu. Muhuhu huwasumbua, mbao za saipresi na mkaratusi wanazila. Kumwita mnyunyiziaji mwenye leseni bila kuziba maji ni kumwalika arudi mwakani.

Maji yamemwagika leo

Hapa saa 48 za kwanza ndizo zinazoamua, kwa sababu ukungu huweza kuanza ndani ya siku moja au mbili. Zima umeme wa soketi za chini. Ondoa zulia na fanicha, kausha kwa vitambaa au mashine ya kufyonza maji, ng'oa skatingi, toa safu moja ya mbao kando ya ukuta ili hewa ifike chini. Feni zipulize kuambaa sakafu, si kuelekea chini. Fungua madirisha mchana wa jua, yafunge jioni hewa inapokuwa nzito. Kisumu, kuacha wazi usiku kucha kunarudisha ulichotoa.

Usilete jiko la makaa ndani. Linatoa hewa ya sumu inayoua, na moto wa kuwaka karibu wote unaongeza maji hewani: kilo 1 ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa takriban lita 1.6 za maji kama mvuke. Nakuru wakati wa kiangazi hofu ni kinyume, kukausha kwa kasi mno. Feni ziwekwe mbali, la sivyo mbao zitapasuka ncha.

Maji ya mafuriko au ya choo ni jambo jingine. Vitu laini vyote vya chini vitupwe, tope litolewe, kisha nyuso zisafishwe kwa sabuni ndipo zipitishwe maji yenye klorini, takriban mililita 60 za dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe kwa lita 1 ya maji. Usiichanganye kamwe na asidi wala dawa yenye amonia. Vibao vya mvule au muhuhu vinaweza kuokolewa; vipange nje kivulini, vijiti katikati, uzito juu.

Lini msasa?

Vipimo viwili vya unyevu vilivyoachana wiki mbili vikiwa havijabadilika, na mbao zilizoloa zikiwa ndani ya asilimia 2 ya kile chumba kisicho na tatizo. Anza na msasa wa namba 40 au 60 kulingana na hali, kisha 80, malizia 100 au 120. Kila kazi kamili hula karibu milimita 1, kwa hiyo pima kwanza unene uliobaki juu ya ulimi. Vanishi mikono mitatu, ukipitisha namba 180 au 220 kidogo katikati.

Vibao vya kuziba mapengo havitalingana rangi na vya miaka 40. Ng'oa vya zamani kutoka ndani ya kabati la ukutani au chini ya ngazi, uviweke sebuleni, na vipya uvifiche kule.